Lahore na Amritsar: Miji jirani iliyotenganishwa na kilomita 50 zisizopitika

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayeondoka katikati mwa jiji la Nairobi kuelekea Thika huihesabu safari yake kwa dakika. Akipata matatu isiyosubiri abiria kwa muda mrefu, na barabara ikiwa haina msongamano, atafika kabla ya saa moja kutimia. Hawazii kubeba pasipoti, wala hamuagi mkewe kana kwamba anakwenda ng'ambo.

Katika bara la Asia kuna miji miwili mikubwa ambayo umbali baina yake haupiti sana ule wa Nairobi na Thika. Mmoja ni Lahore, ulio mashariki mwa Pakistan. Wa pili ni Amritsar, ulio kaskazini magharibi mwa India. Kati ya miji hiyo pana takriban kilomita 50 pekee. Ardhi ni tambarare. Hakuna mlima wa kuzunguka, jangwa la kutisha wala bahari ya kuvuka. Barabara ipo tangu karne nyingi zilizopita. Reli nayo ipo tangu 1862.

Licha ya hayo yote, mkazi wa kawaida wa Amritsar hawezi kuamka asubuhi, akapanda gari na kwenda kula chamcha Lahore. Tangu Aprili 2025, mpaka uliopo katikati ya miji hiyo umefungwa kwa wasafiri wa kawaida, na njia iliyosalia kwa mtu mwenye haja ya lazima ni kuzunguka kupitia nchi ya tatu. Kilomita 50 zimegeuka kuwa kilomita 4,000.

Ilikuwaje basi umbali mfupi kiasi hicho ukawa mrefu namna hiyo? Jibu halipatikani katika vitabu vya jiografia. Liko katika historia ya watu wa Punjab, na katika siasa za mataifa mawili yaliyozaliwa usiku mmoja.

Miji pacha ya Punjab

Kwa muda mrefu Lahore na Amritsar ilihesabiwa kuwa miji pacha. Yote miwili ilikuwa katika jimbo moja la Punjab, wenyeji wake walizungumza Kipunjabi, na kila mji ulikuwa na sifa yake. Lahore ulikuwa makao ya utawala, mji wa wafalme wa Kimughali, wenye ngome kuu na msikiti mashuhuri wa Badshahi uliokamilishwa mwaka wa 1673. Amritsar nao ulikuwa kitovu cha biashara na mji mtukufu wa waumini wa dini ya Sikh, ambao Wakenya wengi huwaita Makalasinga. Humo ndimo lilimo Hekalu la Dhahabu, lililojengwa katikati ya ziwa dogo.

Mapokeo ya Makalasinga yanasimulia kwamba jiwe la msingi la hekalu hilo liliwekwa na mtawa wa Kiislamu aliyeitwa Mian Mir, mwenyeji wa Lahore. Na mtawala aliyelipamba hekalu hilo kwa dhahabu, Maharaja Ranjit Singh, alikuwa na kiti chake cha enzi papo hapo Lahore, mji alioutwaa mwaka wa 1799. Kwa hivyo, hata katika mambo ya ibada, miji hiyo haikuwa mbali.

Barabara iliyoiunganisha ni sehemu ya ile njia kuu ya kale iliyovuka kaskazini mwa Bara Hindi, ambayo mfalme Sher Shah Suri aliiimarisha katika karne ya 16. Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka wa 1849, waliongeza reli juu ya barabara. Treni ya Lahore na Amritsar ilikuwa ya kwanza katika jimbo hilo zima, na safari yake ilikuwa jambo la muda wa saa moja hivi. Wanafunzi waliitumia, wafanyabiashara wa nguo waliitumia, na wazee wa pande zote mbili wamesimulia jinsi watu walivyokuwa wakienda Lahore kutazama filamu na kurejea Amritsar siku iyo hiyo.

Kwa ufupi, huo ndio uliokuwa muda wa safari ulipopimwa kwa mwendo wa gurudumu pekee.

Mstari uliochorwa kwa majuma matano

Mambo yalibadilika mwaka wa 1947. Uingereza ilipoamua kuondoka Bara Hindi, iliafikiwa kwamba nchi igawanywe mara mbili: India na Pakistan. Jimbo la Punjab, lililokuwa na Waislamu, Wahindu na Makalasinga walioishi kwa kuchanganyika, lilipaswa kupasuliwa.

Kazi ya kuchora mpaka ilikabidhiwa wakili mmoja Mwingereza, Sir Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kufika Bara Hindi kabla ya hapo. Aliwasili Julai 8, 1947, na alikuwa na takriban majuma matano tu kuikamilisha kazi hiyo, akitegemea ramani na takwimu za sensa. Pakistan ilipata uhuru Agosti 14, India ikafuata Agosti 15. Mpaka wenyewe ulitangazwa Agosti 17. Kwa siku mbili hivi, watu wa Lahore na Amritsar walikuwa raia wa mataifa huru pasipo kujua rasmi ni lipi.

Mstari wa Radcliffe ulipita katikati ya miji hiyo miwili. Lahore ukaangukia Pakistan, Amritsar ukaangukia India. Kijiji cha Wagah kikawa upande wa Pakistan, kilomita 24 hivi kutoka Lahore. Kijiji cha Attari kikawa upande wa India, kilomita zisizofika 30 kutoka Amritsar.

Yaliyofuata yanahesabiwa miongoni mwa maafa makubwa ya karne ya 20. Inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 10 na milioni 15 walihama makwao katika Bara Hindi, Waislamu wakielekea Pakistan, Wahindu na Makalasinga wakielekea India. Idadi ya waliouawa haijulikani kwa uhakika. Makadirio huanzia laki mbili hadi milioni moja au zaidi. Treni iliyokuwa ikibeba wanafunzi na wafanyabiashara ikawa ya wakimbizi, na mara kadhaa iliingia katika stesheni za Lahore na Amritsar ikiwa imejaa maiti.

Kabla ya mgawanyiko huo, Waislamu walikaribia nusu ya wakazi wa Amritsar, na Wahindu pamoja na Makalasinga walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Lahore. Miezi michache baadaye, takriban wote walikuwa wamekwisha kuhama. Kila mji ulibaki na nyumba, misikiti na mahekalu ya watu walioondoka, na watu hao walikuwa wakiishi mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

Treni iliyoitwa Maafikiano

Hata baada ya umwagaji damu huo, mawasiliano hayakukatika mara moja. Yalikatika kidogo kidogo, vita baada ya vita.

Mnamo Septemba 1965, India na Pakistan zilipigana vita vilivyofika hadi viungani mwa Lahore. Reli baina ya miji hiyo ikafungwa. Vita vingine vikazuka mwaka wa 1971. Ni baada ya viongozi wa nchi hizo kutia saini mkataba wa Simla mwaka wa 1972 ndipo mazungumzo ya kurejesha usafiri yalipoanza. Hatimaye, Julai 22, 1976, treni ilianza tena kupita baina ya Amritsar na Lahore. Ilipewa jina la Samjhauta, neno lenye maana ya maafikiano.

Treni hiyo ni mfano mzuri wa tofauti iliyopo baina ya umbali na muda. Mwendo wenyewe ulikuwa ule ule wa zamani. Lakini sasa abiria walishuka na mizigo yao yote Attari, wakapanga foleni ya uhamiaji, wakapekuliwa na maafisa wa forodha, kisha wakasafirishwa kilomita chache hadi Wagah, ambako walishuka tena na kupekuliwa upya. Safari ya saa moja ikawa ya kutwa nzima. Awali treni ilikwenda kila siku. Kuanzia 1994 ikapunguzwa ikawa ya mara mbili kwa juma.

Juu ya hayo, kila uhusiano wa nchi hizo ulipoharibika, treni ndiyo iliyoadhibiwa. Baada ya Bunge la India kushambuliwa Desemba 2001, ilisimamishwa na haikurejea hadi Januari 2004. Usiku wa Februari 18, 2007, mabomu yalilipuka ndani ya treni iliyokuwa ikiwaleta abiria wake kutoka Delhi, karibu na mji wa Panipat, na watu wasiopungua 68 wakaangamia, wengi wao wakiwa raia wa Pakistan waliokuwa wakirejea nyumbani. Hata hivyo, treni hiyo iliendelea na safari zake.

Mwisho wake ulikuja Agosti 2019, wakati serikali ya India ilipoondoa hadhi maalumu ya jimbo la Jammu na Kashmir, eneo ambalo nchi zote mbili zinadai kuwa lao. Pakistan ilighadhibika na kusimamisha usafiri wa treni. Tangu hapo Samjhauta haijarejea.

Basi la waziri mkuu

Barabara nayo ina kisa chake. Mnamo Februari 1999, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, Bw Atal Bihari Vajpayee, alipanda basi na kuvuka mpaka hadi Wagah, ambako alilakiwa na mwenzake wa Pakistan, Bw Nawaz Sharif. Lilikuwa basi la kuzindua huduma ya Delhi na Lahore, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na ulimwengu mzima uliona kwamba yamkini uhasama wa nusu karne unaelekea kuisha.

Miezi mitatu haikupita kabla ya mapigano kuzuka katika milima ya Kargil. Basi liliendelea kwenda wakati wa mapigano hayo, lakini likasimamishwa baada ya shambulio la Desemba 2001. Liliporejea Julai 2003, miongoni mwa abiria wa kwanza kutoka Pakistan alikuwamo mtoto mdogo mwenye maradhi ya moyo, aliyekuwa akipelekwa na wazazi wake kufanyiwa upasuaji katika mji wa Bangalore. Wananchi wengi wa India walimchangia fedha. Kwa muda mfupi, mtoto huyo aliwaonyesha viongozi mpaka uliofunguliwa una faida gani.

Januari 2006 miji yetu miwili ikapata basi lake yenyewe, la moja kwa moja kutoka Amritsar hadi Lahore. Mwezi Machi mwaka uo huo likaongezwa la kwenda Nankana Sahib, mahali alipozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Sikh. Mabasi hayo nayo hayapo tena. Yalizimwa pamoja na treni katika misukosuko ya mwaka wa 2019.

Kuvuka kwa miguu

Baada ya treni na basi kutoweka, njia ya pekee iliyobaki ya nchi kavu ilikuwa miguu. Msafiri alishuka garini Attari, akapita kwa maafisa wa India, akatembea hadi kwenye lango la chuma, kisha akaingia Wagah na kuanza upya kwa maafisa wa Pakistan. Gari la upande mmoja halikuvuka; lilimngoja jingine upande wa pili.

Kabla ya kufika hapo, kulikuwa na kizingiti cha viza. Raia wa India au Pakistan hakupewa viza ya nchi jirani kwa kuomba tu. Alitakiwa aonyeshe sababu, kama vile jamaa wa kutembelea, matibabu au hija. Viza yenyewe haikuwa ya nchi nzima bali ya miji iliyotajwa, na mara nyingi mgeni alipaswa kuripoti kwa polisi anapofika na anapoondoka. Kwa hivyo, yule aliyekuwa akiliona anga la Lahore liking'aa usiku kutoka shambani mwake angeweza kungoja majuma au miezi kabla ya kuruhusiwa kwenda. Kinyume chake, mgeni wa taifa la tatu, aliyetoka maelfu ya kilomita, alivuka kwa urahisi zaidi alimradi alikuwa na viza za pande zote mbili.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wageni ni saa. India iko saa tano na nusu mbele ya saa ya Greenwich, ilhali Pakistan iko saa tano mbele. Kwa hivyo, anayevuka kutoka Attari saa nne asubuhi hujikuta Wagah saa tatu na nusu. Hatua chache za mguu humrudisha mtu nyuma kwa nusu saa. Ndugu wawili walio pande mbili za lango moja, wanaoliona jua lile lile likichwa, husoma saa tofauti.

Kila jioni tangu 1959, wanajeshi wa nchi hizo wamekuwa wakishusha bendera zao kwa wakati mmoja mpakani hapo, kwa gwaride la mikogo, wakirusha miguu juu na kukaziana macho, huku maelfu ya watazamaji wakishangilia kama walio katika mechi ya kandanda. Mwishoni mwa gwaride maafisa hupeana mikono upesi, na lango hufungwa. Baada ya Aprili 2025, upande wa India uliacha kulifungua lango wakati wa gwaride, na maafisa hawakupeana mikono.

Aprili 2025

Mnamo Aprili 22, 2025, watu waliokuwa na silaha waliwaua watu 26, wengi wao wakiwa watalii, karibu na mji wa Pahalgam katika Kashmir inayotawaliwa na India. India iliilaumu Pakistan, nayo Pakistan ikakana. Siku iliyofuata, India ilitangaza kufunga kituo cha Attari. Pakistan ikajibu kwa kufunga Wagah, na ikazipiga marufuku ndege za India kupita katika anga yake. Kabla ya mwezi huo kuisha India nayo ilizifungia anga ndege za Pakistan. Marufuku hizo ziliongezwa mwezi baada ya mwezi katika mwaka huo wote.

Viza za raia wa Pakistan waliokuwa India zilifutwa kuanzia Aprili 27, isipokuwa za wagonjwa, walioongezewa siku mbili tu. Yaliyoonekana Attari siku hizo yalikuwa ya kuhuzunisha. Kulikuwa na wagonjwa waliokatiza matibabu. Kulikuwa na wanawake wenye pasipoti za India walioolewa Pakistan, waliokuja kuwatembelea wazazi wao pamoja na watoto wenye pasipoti za Pakistan. Watoto waliruhusiwa kuvuka kurudi kwa baba zao. Mama wengine walizuiwa langoni. Kwa familia kama hizo, kilomita 50 hazikuwa tena suala la usafiri.

Kuanzia Mei 7 hadi Mei 10 nchi hizo zilishambuliana kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Viwanja vya ndege vya Lahore na Amritsar vilifungwa kwa muda, na wakazi wa Amritsar walizima taa usiku. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia, na nyasi za Punjab zimo katikati kabisa.

Safari ya kupitia Dubai

Tuseme basi kwamba mtu wa Amritsar amepata viza na ana dharura Lahore. Atafikaje? Viwanja vya ndege vya miji hiyo viko umbali wa chini ya kilomita 50, na ndege ingeweza kuumaliza mwendo huo kwa dakika chache tu. Lakini hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja.

Analazimika kuruka hadi mji kama Dubai, katika Milki za Kiarabu, umbali wa takriban kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka. Akisafiri kwa ndege ya India, umbali huo huongezeka, kwa kuwa tangu kufungwa kwa anga ndege hiyo hulazimika kuizunguka Pakistan kwa kushuka kusini hadi Bahari ya Arabu. Akifika Dubai atangoje ndege ya pili, kisha arudi alikotoka, kilomita nyingine 2,000 hivi, hadi Lahore. Ukijumlisha saa za angani na za kungoja, safari hula nusu siku kwa uchache, na nauli yake si ya mkulima wala mchukuzi.

Bidhaa nazo zilitangulia kuzungushwa vivyo hivyo. Baada ya shambulio la Pulwama la Februari 2019, India ilizitoza bidhaa za Pakistan ushuru wa asilimia 200, na mwezi Agosti Pakistan ikasimamisha biashara baina ya nchi hizo. Bidhaa nyingi zilianza kupitia bandari za nchi nyingine kama Dubai kabla ya kuwafikia wanunuzi wa upande wa pili, gharama ya mzunguko huo ikiongezwa katika bei. Wachukuzi wa Attari, waliokuwa wakishusha na kupakia mizigo ya malori, walipoteza riziki yao.

Njia ya mahujaji

Jambo la kutia moyo ni kwamba hija haijawahi kuzimwa kabisa. Mkataba wa mwaka wa 1974 baina ya nchi hizo unaruhusu makundi ya mahujaji kutembelea mahali patakatifu pa upande wa pili. Kwa Makalasinga, jambo hili ni zito, kwani mahali alipozaliwa Guru Nanak na mahali alipofia pote pako Pakistan.

Mnamo Novemba 9, 2019, miezi mitatu tu baada ya treni kusimamishwa, nchi hizo zilifungua njia maalumu ya Kartarpur, yenye urefu wa kilomita zisizofika tano kutoka mpakani mwa India hadi hekalu ambako Guru Nanak aliishi miaka yake ya mwisho. Mahujaji waliruhusiwa kwenda bila viza, wakasali na kurudi siku iyo hiyo. Kabla ya hapo, waumini wengi walikuwa wakisimama upande wa India na kulitazama hekalu hilo kwa darubini. India iliifunga njia hiyo wakati wa janga la corona mwaka wa 2020, ikaifungua Novemba 2021, kisha ikaifunga tena Mei 2025.

Hata hivyo, Novemba 2025 takriban mahujaji 2,000 wa Kikalasinga waliruhusiwa kuvuka Wagah kwa miguu kuadhimisha kuzaliwa kwa Guru Nanak. Mahujaji hao walidhihirisha kuwa lango hilo halijashika kutu. Linafunguka pale wakubwa wanapotaka lifunguke.

Yanatuhusu vipi?

Mkenya anaweza kuuliza, haya ya Punjab yanatuhusu nini? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ilijengwa kwa mikono ya takriban vibarua na mafundi 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Waislamu, Wahindu na Makalasinga walipanda meli bandarini Karachi wakiwa watu wa jimbo moja. Takriban 2,500 walifia kazini, na zaidi ya 6,000 wakabaki Afrika Mashariki. Leo hii hekalu la Makalasinga lililo Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, huwapa chakula wasafiri wa kila dini bila malipo.

Wajukuu wa watu hao wamekuwa majirani mitaani Nairobi na Kisumu kwa zaidi ya karne moja. Mstari wa Radcliffe uligawanya vijiji vya babu zao, lakini haukupita katika mitaa yetu.

Isitoshe, sisi wenyewe tunafahamu mpaka uliofungwa ni nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita Namanga na Taveta palikuwa mwisho wa njia, ingawa Mlima Kilimanjaro ulionekana wazi kutoka pande zote mbili na jamaa walikuwa huku na huku. Leo Mkenya huvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho tu. Vijana wanaovuka Busia wakitafuna mahindi ya kuchoma huenda wasijue kwamba jambo hilo halikuja lenyewe. Lilijadiliwa, likatiwa saini, na linahitaji kulindwa.

Hapa ndipo kisa cha Lahore na Amritsar kinapokuwa na funzo. Sensa ya mwaka wa 2023 iliihesabu Lahore kuwa na watu milioni 13. Mkazi wake yuko karibu na Amritsar mara saba kuliko alivyo karibu na Islamabad, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Lakini akiulizwa ni mji upi ulio mbali zaidi, hatasita kuutaja ule wa kilomita 50.

Wahenga walisema kwamba penye nia pana njia. Huko Punjab njia imekuwepo tangu enzi za Sher Shah Suri, na reli bado imelala mahali pake, kati ya Attari na Wagah, ikingoja. Nia ndiyo inayokosekana. Hadi itakapopatikana, wazee waliozaliwa upande mmoja na kuzeekea upande wa pili wataendelea kupungua mwaka baada ya mwaka, wakiwa wamefariki pasipo kuuona tena mji ambao, walipokuwa watoto, walikuwa wakiufikia kwa treni ya asubuhi.